Barabara ya Michezo ya Munich, 1972

Vijana mlio shuleni sasa mkiulizwa habari za Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972, wengi mtataja mambo mawili: medali za wakimbiaji wa Afrika Mashariki na mauaji ya Waisraeli. Wazee wenzangu wataongeza la tatu, kwamba siku chache kabla ya ufunguzi nchi za Afrika zilitishia kujitoa mpaka Rhodesia ilipoondolewa. La nne halitajwi sana, nalo ndilo nitakalolisimulia hapa.

Wajerumani walikuwa na deni. Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936 ilikuwa ya Hitler, ya gwaride na bendera. Safari hii walitaka dunia iwaone kwa sura nyingine. Hata walinzi walivishwa suti za samawati hafifu, wala hawakubeba bunduki. Kilima cha bustani ya Olimpiki chenyewe kilikuwa kifusi cha nyumba zilizobomolewa kwa mabomu katika Vita Vikuu vya Pili, kikafunikwa udongo na kuoteshwa nyasi.

Chini ya kilima hicho, kando ya ziwa la kuchimbwa, msanifu majengo Werner Ruhnau alitengeneza mahali pa watu wasio na tikiti. Paliitwa Spielstraße, yaani Barabara ya Michezo. Hapakuwa na kiingilio. Ruhnau hakupenda mtu akae kitako akitazama tu. Alitaka baba, mama na watoto waingie mchezoni wenyewe. Walikuwapo wachekeshaji, waigizaji wasiosema neno, wanamuziki, na vikundi vya tamthilia kama kile cha Shuji Terayama kutoka Japani na cha Jérôme Savary kutoka Ufaransa. Msanii Timm Ulrichs alikimbia ndani ya gurudumu kubwa, mfano wa lile la panya wa kufugwa, jasho likimtiririka asifike popote. Mzaha huo ulikuwa na meno, maana jirani tu, katika uwanja mkuu, watu walikuwa wakikimbilia dhahabu.

Na dhahabu hizo twazijua. Tarehe 2 Septemba John Akii-Bua wa Uganda alishinda mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Tarehe 4 Kipchoge Keino wa Kenya akashinda mita 3,000 za kuruka viunzi na maji.

Alfajiri ya tarehe 5 Wapalestina wa kundi la Black September walivamia kijiji cha wanamichezo. Waisraeli 11 walikufa, na polisi mmoja Mjerumani. Michezo ilisimamishwa. Kesho yake, katika ibada ya maombolezo, Avery Brundage, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, alitangaza kwamba itaendelea. Ikaendelea, na tarehe 10 Wakenya wakatwaa dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti, mita 400 mara nne.

Barabara ya Michezo haikufunguliwa tena. Ni kweli, nani angethubutu kuchekesha watoto mahali penye msiba? Lakini kama kicheko cha bustanini kilikuwa aibu, mbona vifijo vya uwanjani havikuwa? Wenye tikiti walirudishiwa michezo yao; wasio na tikiti walikuta kimya. Mimi nauona uamuzi huo haukuwa wa haki.

Ukumbi wa wazi ulio ukingoni mwa ziwa lile ungali unatumika, na kila kiangazi watu wa Munich huketi kwenye ngazi zake kusikiliza muziki bila kulipa kiingilio.