Wageni wa Mvua za Kwanza

Historia ya Dodoma tunaijua kwa mpangilio uleule: reli ya Mjerumani, karanga za Kongwa zilizomshinda Mwingereza kufikia 1951, kisha uamuzi wa TANU wa 1973 wa kuhamishia hapa makao makuu. Ni historia ya watu waliokuja na mashine, ramani na mafaili. Sina ugomvi nayo. Ila wapo wageni wengine wa uwanda huu, wala sikumbuki kuwakuta katika kitabu chochote cha shule.

Namzungumzia kozi wa Amur, ndege mdogo wa kuwinda asiyefika hata gramu 200. Jina lake limetokana na mto Amur, mpakani mwa Urusi na China. Huko ndiko anakozaliwa, na wala wazazi wake hawahangaiki na ujenzi: mara nyingi hutagia katika viota vilivyoachwa na kunguru. Mpangaji kama sisi wa mjini!

Baridi ikikaribia, anaondoka. Anapita kaskazini-mashariki mwa India, anashiba, halafu anavuka Bahari ya Hindi mchana na usiku bila kutua. Upepo unaomsukuma ni kaskazi, uleule ulioleta majahazi pwani yetu karne kwa karne. Novemba na Desemba anapita Tanzania akifuata mvua, maana mvua ndiyo inayotoa kumbikumbi ardhini. Kisha anaendelea hadi kusini mwa Afrika. Sisi tunagombania kumbikumbi chini ya taa, kumbe mwenzetu amezifuata kutoka Siberia!

Sasa sikilizeni, vijana wenzangu. Mwaka 2012, katika jimbo la Nagaland, India, wanavijiji waliwanasa kozi hawa kwa nyavu, makumi ya maelfu, wakauza nyama. Picha zikazagaa duniani. Wazee wa vijiji, makanisa na serikali wakakaa kikao, na msimu wa 2013 mauaji yalikoma. Mwaka huohuo baadhi ya ndege walifungwa vyombo vya setilaiti, safari yao ikaonekana hadi Afrika. Watu wasio matajiri waliamua kuacha fedha ya haraka, na walioruka salama wakaja huku kwetu.

Je, sisi tunawapokeaje wanaotoka kaskazini? Hapa jambo si jepesi. Mkulima wa mtama na uwele Dodoma ana adui anayeitwa kweleakwelea. Kundi moja likitua, shamba linabaki mabua. Ndege ya serikali inapulizia sumu magharibi, wanaporudi kulala. Asubuhi tai, wakiwemo waliotoka nyika za Urusi na Kazakhstan, wanaweza kuwala wale waliolegea kwa sumu, nao wakadhurika. Siwezi kumwambia mama mwenye watoto aache shamba liliwe. Lakini siwezi pia kunyamaza, kana kwamba tai hakuwahi kuwapo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Kozi anakula panzi na wadudu wengine bila kudai posho. Basi, nyie mnaotafuta cha kuandika, mvua ya kwanza ikinyesha tokeni nje mtazame juu. Andikeni tarehe, mahali na idadi. Historia nayo huanzia kwenye daftari la senti chache.