Kura ya Sauti na Sahihi ya Mkono: Habari za Wabunge wa Njombe

Mtu wa Ipelele, katika nyanda za juu za Makete ambako hulimwa viazi mviringo, ngano na pareto, hufika kituo cha kupigia kura mara moja katika miaka mitano, akaweka alama yake kwenye karatasi, akarudi shambani. Kura yake ni siri, na ni haki kuwa siri. Walakini yule anayemtuma Bungeni hupiga kura mara nyingi katika kila mwaka, naye huipiga kwa niaba ya mwingine. Na kura hiyo ya mjumbe, kwa kadiri ya desturi yetu, ni vigumu kuijua kuliko ilivyo vigumu kuijua ile ya mkulima. Katika makala hii nakusudia kueleza jambo hilo limetoka wapi, na mwanafunzi wa historia afanyeje anapotaka kuandika habari za mbunge fulani, alitenda nini, aliafiki nini na alikataa nini. Mifano yangu mingi nimeitoa katika nchi ya Njombe, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Iringa mpaka ilipofanywa mkoa wa peke yake mwaka 2012. Makete, ndimo ilimo Ipelele, ni wilaya mojawapo ya mkoa huo.

Kwanza yafaa msomaji akumbuke jinsi Bunge linavyoamua. Mjadala ukiisha, Spika huwahoji wabunge: wanaoafiki waseme ndiyo, na wasioafiki waseme siyo. Ukumbi hunguruma. Spika hutega sikio, kisha hutamka kwamba anadhani walioafiki wameshinda. Katika Taarifa Rasmi ya Majadiliano, ile iitwayo Hansadi, mwandishi huandika kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa, na habari ikaishia hapo. Hotuba zote zimeandikwa neno kwa neno, hata vicheko na makofi yametiwa katika mabano, lakini lile tendo moja ambalo kwalo sheria huzaliwa halina jina la mtu. Mbunge aweza kusema kwa dakika kumi akiushutumu muswada, akamalizia kwa kusema anaunga mkono hoja, nasi tusijue kinywa chake kilitoa sauti gani ukumbi uliponguruma. Ipo njia ya kuhesabu kura na kuita majina, na katika miaka ya karibuni bajeti ya Serikali huamuliwa kwa kumwita kila mbunge kwa jina lake. Lakini kwa miswada mingi njia hii haitumiki.

Mtu asidhani kwamba desturi hii ilibuniwa Dodoma. Kuamua kwa sauti tumekurithi kwa Waingereza pamoja na joho la Spika na siwa. Tofauti ni kwamba katika Bunge la Uingereza zikisikika sauti zinazopingana, na wakashikilia, wabunge hutoka na kupita katika vyumba viwili, na majina ya kila upande hupigwa chapa. Sisi tulichukua sehemu ya kwanza ya desturi, na ile ya pili ikabaki katika Kanuni kama chombo cha kutumiwa kwa nadra.

Sababu ya kutumiwa kwa nadra haiko katika Kanuni, iko katika siasa. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 ilifanya Tanzania kuwa nchi ya chama kimoja. Katika uchaguzi wa mwaka huo wagombea wawili wa TANU walishindanishwa katika majimbo mengi, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba, na wapigaji kura walionyesha kwamba hawakuwa vipofu: hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Kwa hiyo wananchi walikuwa na nguvu ya kumwondoa mtu. Lakini ndani ya ukumbi mambo yalikuwa mengine. Mwezi wa Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza watu tisa katika chama, wengi wao wakiwa wabunge, pamoja na Oscar Kambona aliyekuwa amekwisha kwenda ng'ambo. Na kwa kuwa mbunge asiye na chama hakuweza kuwa mbunge, viti vyao vilikwisha siku hiyo hiyo. Mwaka 1973 Bunge lilithubutu kuukataa muswada wa Serikali wa kodi ya mapato. Rais Nyerere aliwaita wabunge, akawakumbusha kwamba ana uwezo wa kulivunja Bunge na kuwarudisha wote kwa wapigaji kura. Muswada uliporudishwa ukapita. Naona tukio hili lina uzito kuliko vitabu vingi vinavyoupa, maana tangu hapo kila mbunge alijua bei ya neno siyo.

Ni katika hali hiyo Bibi Anne Makinda aliingia Bungeni, mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 26. Mwaka ule ule Katiba ilibadilishwa, na mamlaka ya chama juu ya vyombo vyote vya dola yakatiwa ndani ya sheria. Spika alikuwa Adam Sapi Mkwawa, mtu wa Iringa, aliyeshika kiti hicho tangu 1962, akapumzika kidogo, akarudi tena, akakaa mpaka 1994. Bibi Makinda alizaliwa Njombe mwaka 1949. Alikuwa waziri, akapata kuwa mkuu wa mkoa wa Ruvuma, akachaguliwa mbunge wa Njombe Kusini mwaka 1995, akawa Naibu Spika mwaka 2005. Mwezi wa Novemba 2010 alipata kura 265, na mpinzani wake Mabere Marando akapata 53, akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Aliondoka mwaka 2015, baada ya miaka 40.

Basi mwanafunzi akitaka kuandika orodha ya kura za Bibi Makinda katika miaka hiyo 40, atapata nini? Atapata kidogo mno. Alipokuwa waziri, kura yake ilikuwa ya Serikali kabla hajafungua kinywa, kwa kuwa mawaziri huwajibika kwa pamoja. Na alipokalia kiti cha Spika, Katiba yenyewe ilimnyima kura: anayeongoza kikao hana kura ya kawaida, ana kura ya uamuzi tu, ikiwa kura za pande mbili zimelingana. Kwa hiyo yule aliyesikiliza ndiyo na siyo za watu wengine kwa miaka mitano hakuwa na yake. Hata hivyo itakuwa kosa kusema kwamba hakuamua kitu. Spika huamua kwa kuruhusu na kwa kuzuia, kwa kusema hoja hii imefika kwa wakati na hii haikufika.

Jambo hilo lilionekana waziwazi mwezi wa Aprili 2012. Baada ya taarifa za ukaguzi wa hesabu za Serikali kuwakasirisha wabunge, Zitto Kabwe alianza kukusanya sahihi za kumpigia Waziri Mkuu Mizengo Pinda kura ya kutokuwa na imani naye. Katiba hutaka sahihi za wabunge wasiopungua asilimia 20, na taarifa ifike kwa Spika siku 14 kabla ya hoja kuletwa. Sahihi zilipatikana. Bibi Makinda akaamua kwamba siku hazikutimia, na mkutano ule wa Bunge ulikuwa unakwisha. Kwa herufi za Katiba alikuwa sahihi, nami sioni angeweza kusema vingine. Lakini wako waliosema kwamba herufi ilimwokoa mtu. Hoja haikuletwa. Hata hivyo mwezi wa Mei Rais Kikwete aliunda upya baraza lake, akawaacha mawaziri kadhaa. Kura ambayo haikupigwa ilifanya kazi kubwa kuliko nyingi zilizopigwa.

Katika karatasi ile mlikuwamo jina la Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa kwa chama cha CCM. Ludewa inapakana na Makete, na watu wa nchi zote mbili huonana njiani Njombe. Tazama tofauti iliyopo: kwa sauti, mbunge wa chama kinachotawala aweza kunyamaza na asijulikane, kwa sahihi, amejifunga mwenyewe. Filikunjombe alijua kwamba mbunge akifukuzwa chamani hupoteza kiti chake, sheria ile ya zamani ikiwa haijafutwa na mfumo wa vyama vingi wa mwaka 1992, naye akatia sahihi. Mwaka 2014 alikuwa makamu wa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali ilipoleta taarifa juu ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, na kiti cha Spika kilikuwa cha Bibi Makinda. Watu wawili wa nyanda zile zile walikuwa katika jambo moja, mmoja akishambulia, mwingine akiongoza kikao. Filikunjombe alikufa katika ajali ya helikopta tarehe 15 Oktoba 2015, siku kumi kabla ya uchaguzi.

Hapa niruhusiwe kutoka njiani kidogo, kwa kuwa wasomaji wa jarida hili hawawezi kumsahau Jackson Makweta, aliyekuwa mbunge wa Njombe Kaskazini. Tume ya elimu aliyoiongoza ilishauri mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishiwe masomo ya sekondari kuanzia 1985, kisha Chuo Kikuu. Mwaka 1983, akiwa Waziri wa Elimu, ni yeye aliyelazimika kueleza kwamba badiliko hilo halitatokea. Mwenyekiti alishauri, na waziri akakataa, nao walikuwa mtu mmoja. Sisi tunaofundisha kwa Kiingereza, tukaandika makala kwa Kiswahili, tungali tunaishi chini ya uamuzi huo, nao ulitoka Serikalini, si katika ngurumo ya ukumbi wa Bunge.

Swali la jina na kura lilirudi kwa nguvu katika Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014, lililoongozwa na Samuel Sitta. Wajumbe waligombana kwa siku nyingi juu ya jambo moja: kura iwe ya siri au ya wazi? Waliotaka siri walisema kwamba vyama vitawatisha watu wao. Waliotaka uwazi walisema kwamba mjumbe hana haki ya kumficha aliyemtuma. Hoja zote mbili ni za kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa uwazi ule ule unaomfikishia habari mtu wa Ipelele ndio unaompa chama fimbo. Wakakubaliana kwamba kila mjumbe achague mwenyewe. Mwezi wa Aprili wajumbe wa UKAWA walitoka nje, na wengine wakaendelea mpaka kura za mwisho, zilizotangazwa tarehe 2 Oktoba.

Katika kura hizo Othman Masoud Othman, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alisimama akapiga kura ya wazi, akazikataa baadhi ya ibara. Ilibidi atolewe ukumbini akilindwa. Siku chache baadaye aliondolewa katika cheo chake. Mwaka 2021 akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Waliopiga kura ya siri siku zile wamo katika hesabu tu.