Ukanda ambao Fleming alikataa kuwa upo

Januari 7, 2027 inatimia miaka 100 tangu New York na London zianze kuunganishwa kwa simu ya redio ya kibiashara. Dakika 3 za mwanzo zililipiwa dola 75. Kinachotajwa mara chache ni mbinu iliyotumika: ukanda mmoja tu wa pembeni, mtindo unaoandikwa SSB kwenye redio za mawimbi mafupi.

Wazo lilikuwa la John Carson wa AT&T, aliyeomba hataza mwaka 1915. Alionyesha kwa hesabu kwamba sauti ikipakiwa kwenye wimbi bebaji huzaa kanda mbili, mmoja juu yake na mwingine chini, zenye ujumbe uleule. Wimbi bebaji halina hata neno moja, lakini ndilo linalomeza sehemu kubwa ya nguvu za mtambo. Basi urushwe ukanda mmoja, vingine viachwe.

Si wote waliokubali. Januari 1930 Sir Ambrose Fleming, mvumbuzi wa vali ya redio, aliandika katika jarida la Nature kwamba kanda hizo ni za kwenye hesabu tu, hazipo angani. Hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alikuwa na umri wa miaka 80, na vali yake ya mwaka 1904 ndiyo iliyofungua njia ya elektroniki nzima. Wahandisi walimjia juu kwa barua, na walikuwa na haki: kwa miaka 3 simu za Atlantiki zilikuwa zikipita ndani ya ukanda aliodai haupo. Kitu kinachokatwa kwa chujio na kubaki kinazungumza hakiwezi kuitwa ndoto ya karatasi.

Baadaye wanaredio wa ridhaa, majeshi, meli na ndege waliipokea SSB.

Mwaka 1987 mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Geneva uliamua kwamba matangazo ya mawimbi mafupi yahamie SSB ifikapo Desemba 31, 2015. Hayakuhama. Redio nyingi za bei nafuu hazina uwezo huo. SSB husikika humo kama mlio wa bata, kwa kuwa hakuna kinachorudisha wimbi bebaji lililoachwa. 

Mwenye redio yenye SSB ajaribu jioni kati ya kilohezi 7,000 na 7,200, wanakozungumza wanaredio wa ridhaa. Achague LSB, yaani ukanda wa chini, kisha azungushe kitufe cha masafa taratibu mno, kwa kuwa hezi 100 tu zinatosha kuipotosha sauti, mpaka maneno yanyooke.