Dago na Adabu Yake Kunduchi

Wanaodhani kupiga kambi ufukweni kuliletwa na watalii wamewasahau wavuvi. Kwa vizazi vingi wavuvi wa pwani yetu wamefuata samaki kwa majira ya kusi na kaskazi, wakikaa dago mbali na kwao: kibanda cha makuti, mafiga matatu, chanja ya kukaushia samaki. Mgeni hakujipachika tu. Alibisha hodi kwa wenyeji, akaonyeshwa pa kulala na kisima cha kuchota. Kambi yoyote kando ya mkono wa bahari wa Kunduchi ingepaswa kuanzia kwenye adabu hiyo.

Nitaambiwa wavuvi hao hao walikata mikoko kwa kuni, na wengine wakavua kwa baruti. Ni kweli, na baruti imeyaumiza vibaya matumbawe. Lakini mikoko ya Kunduchi ilifyekwa pia kupisha mashamba ya chumvi, na hilo halikuwa kosa la dago. Tangu 1975 visiwa vya jirani, Mbudya na Bongoyo, vimo katika hifadhi ya bahari, na mgeni hulipa kiingilio. Kiingilio hakizoi majivu wala chupa. Anayelala huko aende na maji na mkaa wake, asikate mkoko, maana kambamiti hukulia kati ya mizizi yake, na taka zote arudi nazo bara.