Nguvu za Wananchi na Mfuko wa Halmashauri

Wakazi wa Gongo la Mboto husutwa kwamba hungoja serikali iwachimbie hata mtaro. Historia ya Dar es Salaam yakanusha lawama hiyo. Kilichokosekana mara nyingi ni halmashauri yenye fedha zake, si nguvu za wananchi. Mwaka 1972, kwa sera ya Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilivunjwa. Za mijini zikarudi 1978, mji ukiwa umeshazitangulia kwa nyumba za viwanja visivyopimwa. Halmashauri ya Jiji nayo ikavunjwa 1996, na mwaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu, Gongo la Mboto ikiangukia Ilala.

Hanna Nassif, Kinondoni, ni ushahidi mzuri wa nguvu hizo za wananchi. Miaka ya 1990 wakazi walichanga, wakachimba mifereji na kutengeneza barabara kwa ujira, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine. Atakayesema huo ni uthibitisho kwamba halmashauri haihitajiki, ajiulize: mfereji ukijaa takataka baada ya mfadhili kuondoka, nani alipe wazoaji? Mchango wa kaya hujenga mara moja, ilhali matengenezo hudai bajeti ya kila mwaka. Wengine watadai kodi zilikuwepo. Ni kweli, na kodi ya maendeleo ilichukiwa kwa haki, kwa namna ilivyokusanywa. Lakini ilipofutwa 2003, halmashauri zilizidi kutegemea ruzuku ya hazina, na ruzuku huja na vipaumbele vya aliyeitoa.