Tangu Pete hata Amri

Katika zama ambazo kompyuta moja ilijaza ukumbi mzima, na amana zake zikihifadhiwa katika tepe za sumaku zilizozungushwa juu ya magurudumu mapana, idhini ya kuandika ilikuwa kitu cha kushikika mkononi: pete ya plastiki iliyopachikwa katika mfuo nyuma ya gurudumu, ambayo ikiwapo mashine iliandika, na isipokuwapo ilisoma tu. Sioni kanuni iliyofuata ambayo iliishinda hiyo kwa hekima, kwa kuwa kughafilika kwa mtu kulileta salama badala ya hasara.

Warithi wake waliigeuza. Kaseti za Philips, zilizotoka mwaka 1963, zilikuwa na vijino viwili mgongoni, na mwenye kuvivunja aliilinda taarabu yake isifutwe, hata alipoghairi akaziba tundu kwa karatasi ya gundi. Na diski laini za inchi 5.25, zilizozuka mwaka 1976, zilikuwa na pengo ubavuni lililoachwa wazi kwa kuandika na kuzibwa kwa kukataza, ilhali zile za inchi 8 zilizozitangulia zilifuata kinyume chake.

Wakati huo katazo lilikuwa limekwisha anza kuhamia katika maneno. Katika mfumo wa Unix, uliozaliwa katika maabara za Bell mwaka 1969, fundi aliyeiambatisha diski kwa amri ya mount aliweza kuongeza -r, yaani isomwe tu. Na mwongozo wa toleo la saba, la mwaka 1979, ulionya kuwa diski iliyozuiwa kwa kifaa lazima iambatishwe vivyo hivyo, ama sivyo kasoro zitazuka hata kama hapana aliyekusudia kuandika. Sababu yake yanipendeza: Unix ilitia alama ya saa kila faili liliposomwa, basi kusoma kwenyewe kulikuwa ni kuandika.

Linux, iliyoanza mwaka 1991, ilirithi desturi hiyo pamoja na hila zake. Mwenye kuambatisha diski ya ext3 kwa -o ro hudhani ameifunga, kumbe, ikiwa ilikatikiwa na umeme, mfumo hulipitia daftari la shughuli na kuzikamilisha zilizosalia, ukaandika pasi na kuamriwa. Ndiyo maana wachunguzi wa ushahidi hutanguliza blockdev --setro, amri iitiayo diski alama ya kusomwa tu ndani ya kiini cha mfumo, kisha huambatisha kwa ro na noload ili daftari lisiguswe. Lakini katazo hilo hukaa katika kumbukumbu ya kompyuta, wala si katika diski. Ikichomolewa na kuchomekwa tena, huandikika kama kwanza, kwa hiyo aghalabu wachunguzi hao huipitisha waya yake katika kisanduku kisichoruhusu maandishi kupita.