Asili Yake Wapi? Remmy Ongala na Njia ya Misafara

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo naomba mniwie radhi niandike juu ya mwanamuziki wa dansi. Sisi tulio na umri wangu tulizoea kuuweka ushairi kabatini na dansi kuliacha baa, na mimi mwenyewe niliufundisha utengano huo darasani kwa zaidi ya miaka thelathini. Kilichonisukuma kushika kalamu ni kosa langu la kazini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa nikifundisha Kiswahili kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari huku magharibi. Darasani mwangu alikuwamo kijana ambaye wazazi wake walikuwa wamevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo. Insha zake zilikuwa ndefu na zenye mawazo, lakini palipostahili “mtoto” aliandika “mutoto”, na palipostahili “nchi” aliandika “inchi”. Nilimrudishia daftari likiwa limejaa wino mwekundu. Akasimama, akaniuliza kwa adabu, “Samahani, mwalimu, mbona hata Remmy anatamka hivi?” Nikamjibu mbele ya wenzake kwamba Remmy si kamusi. Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo insha zake zikawa fupi, sahihi, na hazina kitu ndani.

Nimelikumbuka jambo hilo majuzi baada ya mjukuu wangu kunitafutia kwenye simu yake albamu ya Remmy Ongala iitwayo Songs for the Poor Man, nami nikaisikiliza yote nikiwa nimeketi barazani kwangu hapa Itetemia. Albamu hiyo ilitoka mwaka 1989 chini ya lebo ya Real World, iliyoanzishwa na mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, ambayo studio zake ziko katika kijiji cha Box, karibu na mji wa Bath. Jina la albamu ni la Kiingereza. Yaliyomo ni Kiswahili. Kuna “Nasikitika”, kuna “Kipenda Roho”, kuna “Sauti ya Mnyonge”, na kuna wimbo ambao jina lake ni swali: “Muziki Asili Yake Wapi”. Nilipofika kwenye wimbo huo nikamwambia mjukuu aisimamishe simu kidogo. Swali la kijana yule wa kidato cha tatu lilikuwa hilohilo, ila yeye aliuliza juu ya neno.

Basi Kiswahili cha Remmy asili yake wapi? Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, katika Maniema, mashariki ya Kongo. Anayeitazama ramani ataiona Kindu iko ukingoni mwa mto Lualaba, chini kidogo kwa mkondo kutoka Nyangwe na Kasongo. Majina hayo mawili mwalimu yeyote wa historia anayafahamu: ndiyo vituo vikuu vya wafanyabiashara waliotoka pwani katika karne ya 19. Njia yao ilianza Bagamoyo, ikapanda Ugogo, ikafika Unyanyembe, ikashuka Ujiji, ikavuka ziwa, ikaingia Maniema. Na Unyanyembe ni hapa. Itetemia palikuwa makao ya watemi. Hata neno “ikulu”, ambalo leo redio hulitaja kila siku kwa maana ya makao ya Rais, wazee wa Kinyamwezi walilitumia kwa makao ya mtemi kabla hapajawa na Rais wala Jamhuri.

Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857, waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kujenga, wana bustani na maghala. Biashara ilikuwa imekwisha kuoa ndani ya utemi: baba yake Tippu Tip alimwoa Karunde, binti ya Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammad el Murjebi, alipita njia hii hadi Maniema akaitawala Kasongo, na baadaye akatuachia habari za maisha yake kwa Kiswahili, ambazo Mjerumani Heinrich Brode alizichapisha mwaka 1902 na 1903. Tusisahau kilichobebwa. Njia hii ilibeba pembe za ndovu, ikabeba na watu waliofungwa minyororo. Wamanyema wengi walioishia Ujiji, Tabora na pwani hawakuja kwa hiari yao.

Lakini mizigo ilibebwa pia na wapagazi wa kulipwa, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Hapo ndipo lugha inapoingia. Mpagazi wa Unyanyembe alijifunza Kiswahili njiani na kambini, akakipeleka ng'ambo ya ziwa kwa ulimi wake mwenyewe. Ulimi huo haukuzoea kumeza irabu. Mswahili wa pwani husema “mtu”. Mnyamwezi humwita mtu “munhu”, na lugha nyingi za bara zina “mu” hiyohiyo kamili. Kwa hiyo bara kukasemwa “mutu” na “mutoto”, na watu wa Maniema wakakipokea Kiswahili wakiwa na “mu” yao wenyewe tayari mdomoni. Waliokisema huko wakaitwa Wangwana, ambalo si jingine ila neno letu “waungwana”, na lugha yao ikaitwa Kingwana.

Sasa nawaomba wenzangu washairi wanisikilize kwa makini, maana jambo hili nililifundisha miaka yote bila kuliona. Tunapohesabu mizani, “mtoto” ina mizani ngapi? Tatu: m-to-to. Na “nchi”? Mbili: n-chi. Tunamwambia mwanafunzi kwamba herufi hiyo isiyo na irabu huhesabiwa silabi kamili, naye anakariri bila kuuliza kwa nini. Sababu mojawapo ya “m” hiyo kubeba mizani ni kwamba zamani ilikuwa na irabu yake. Ulimi wa pwani umeiangusha irabu, lakini ushairi umeendelea kuitunzia kiti. Mkongo anayesema “mu-to-to” anatamka wazi kile ambacho sisi tunakihesabu kwa vidole bila kukitamka. Na “inchi” je? Maandishi ya Kiswahili ya karne ya 19 yaliyopigwa chapa kwa herufi za Kirumi yana “inchi” tele. Sisi ndio tuliobadilisha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 iliwahudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kongo ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, haikualikwa. Kijana wangu hakuwa ameharibu neno. Alikuwa amelihifadhi.

Kuna mtu mwingine wa njia hii ambaye sina budi kumtaja. Kitabu tulichokitumia kama msahafu wa utunzi, Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954, kiliandikwa na Sheikh Kaluta Amri Abedi. Wanafunzi wangu walidhani mwandishi wake lazima awe mtu wa Lamu au Mombasa. Hasha. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma Tabora, akaja kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam na baadaye waziri, hadi alipofariki mwaka 1964. Aliyetuandikia sheria za vina na mizani alikuwa mtoto wa mwisho wa reli, mahali ambapo misafara ilipandia majahazi ya kwenda Kongo. Nikiwaweka wawili hawa pamoja, Amri Abedi wa Ujiji na Remmy wa Kindu, naona aibu kidogo kwa jinsi nilivyokuwa nikinyoosha kidole upande wa pwani kila nilipoulizwa ushairi unatoka wapi.

Remmy alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestre Makassy, bendi ya ndugu yake Mzee Makassy. Baadaye akaingia Matimila. Jina hilo lilikuwa la mfanyabiashara mwenye vyombo; wanamuziki wengi wa siku zile walipigia magitaa ya watu wengine, kama mkulima anayelima shamba la kukodi. Nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania na kupigwa humo, na jina la mtunzi likavuma kuliko mfuko wake. Kisha kanda yake ikafika Uingereza kwa watu wa tamasha la WOMAD, wakamwalika, na mwaka 1988 Super Matimila wakapanda majukwaa ya Ulaya. Albamu ya Box ilikuwa tunda la safari hizo. Ilifuata nyingine mwaka 1992, Mambo, ambayo ina nyimbo kadhaa za Kiingereza. Sitaki kuwa mkali kwa marehemu, ila kwa sikio langu Remmy wa Kiingereza ni mgeni nyumbani mwa watu: anakaa ukingoni mwa kiti.

Mimi nilimwona jukwaani mara moja tu, mwishoni mwa miaka ya 1980. Tulikuwa tumepelekwa Dar es Salaam kusahihisha mitihani, na Jumamosi moja walimu wenzangu wakanivuta hadi kwenye ukumbi wa wazi wenye viti vya chuma na taa za rangi. Nilikwenda nikiwa na dharau ya mtu aliyetoka kusahihisha karatasi za fasihi. Magitaa yakaanza kujibizana, taratibu, kama watu wanaoteta ukutani, na kwa muda mrefu hakuna aliyeimba. Kisha akaja yeye na misokoto yake ya nywele, akaanza kuzungumza. Nasema kuzungumza, kwa maana hakuwa anaimba bado. Alikuwa akiwasemesha watu kama mzee barazani, anauliza, anasubiri, anajijibu. Hatimaye akaimba “Kifo”. Watu walikuwa wakicheza. Mbele yangu mama mmoja mtu mzima, amejifunga khanga kiunoni, alikuwa akicheza huku machozi yanamtoka, na mwenzake akaenda kumtunza mwimbaji noti akiwa analia vilevile. Nilikuwa nimefundisha tenzi za mawaidha juu ya mauti kwa miaka mingi, na sijawahi kuona mwanafunzi wangu akifuta hata chozi moja.

Usiku ule nilijaribu kuyapima aliyoyaimba kwa vina na mizani, kama fundi cherehani anayempima mtu kwa macho. Haikuwezekana. Mstari mmoja mrefu, mwingine maneno mawili, kina kinakuja na kupotea. Nikahitimisha kwamba huu si ushairi. Hilo lilikuwa jibu la kivivu, kwa sababu mabishano juu ya mashairi huru yalikuwa yamekwisha kuwaka tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na sisi walimu tuliyasoma mabishano hayo vizuri sana bila kukumbuka kwamba vilabuni kulikuwa na mtu anayeyajibu kila wiki. Kipimo cha Remmy kilikuwa pumzi na gitaa. Gitaa lilihesabu mizani, yeye akapata uhuru wa kusema.

Na kusema alisema. “Mambo kwa Soksi” ni wimbo wa tahadhari juu ya ukimwi, na soksi si ya mguuni. Redio Tanzania haikukubali kuupiga. Ukatembea kwa kanda, mkono kwa mkono, hadi mabweni ya shule za bara, ambako wavulana waliujua wote kwa moyo wakati sisi walimu wa zamu tukijifanya hatusikii. Ajabu ni kwamba katika mwaka huohuo wa masomo nilikuwa nikifundisha tafsida. Nilitoa mifano ya “kujifungua” na “kwenda haja”, na mfano ulio hai kuliko yote, uliotungwa ili kuokoa roho za vijana walewale waliokaa mbele yangu, niliuogopa.

Katika miaka yake ya mwisho aliugua kiharusi, akaziacha kumbi na kuimba nyimbo za Injili. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Dar es Salaam kuna kituo cha daladala kinachoitwa Sinza kwa Remmy, na makondakta wanalitamka jina hilo mchana kutwa bila kumfikiria mtu.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, ameyasoma haya kabla sijayatuma, akaniuliza: “Kwa hiyo sasa tuwaruhusu waandike ‘mutoto’ kwenye mtihani?” Nimemjibu kwamba hapana. Mtihani wa taifa unapima Kiswahili sanifu, na mtoto asiyefundishwa sanifu ananyimwa mlango ambao wengine wanapita. Ningepiga mstari mwekundu palepale. Ila ukingoni mwa ukurasa ningemwandikia kijana yule habari za wapagazi wa Unyanyembe, kisha Jumatatu ningeingia darasani na redio ya kaseti, tuhesabu pamoja, kwa vidole, silabi za neno “mtoto”.